Kipande cha Suti ya Mzee Bonaventura

Gauni la kulalia la mtoto wa miaka minne halihitaji futi ya kupimia. Bernadina alikuwa akilikata hivi: anakunja kitambaa mara mbili, anakitandaza kwenye mkeka, anamlaza mjukuu wake Judica juu yake, anachora kwa chaki kumzunguka, kisha anamwinua haraka kabla hajaanza kucheka na kuharibu mstari. Shingo aliikata kwa kufuata mdomo wa bakuli la uji. Pembeni mshono mmoja huku na mmoja kule, mikono mipana, na chini pindo la kiganja kizima, kwa sababu Tumati hakuna anayemshonea mtoto nguo ya mwaka huu tu. Nguo ya mtoto ni ya kukulia. Kazi yote ilikuwa imekwisha kabla maharage hayajaiva.

Kitambaa hakukinunua. Bernadina alikuwa fundi mwenye miaka thelathini ya kukanyaga cherehani kwenye baraza la duka, na kama mafundi wote walioko chini ya jua, alijua kuomba mita tatu kwa kazi ya mita mbili na nusu. Kilichobaki kiliingia kwenye mfuko wa salfeti chini ya cherehani, na wala hakikuitwa wizi. Kiliitwa kipande. Ukimuuliza, angekujibu kwamba mchinjaji anaonja ini, mpishi anaonja mchuzi, na fundi naye ana mdomo. Wateja walijua, walinung'unika kidogo, wakavaa nguo zao wakaenda zao.

Juni ile baridi ilikuja na ubaya wake. Ukungu ulikuwa unakaa shambani hadi saa nne asubuhi, na Judica akaanza kukohoa. Bernadina akaingiza mkono kwenye salfeti, akatoa kipande cha flaneli yenye maua ya bluu, akashona gauni la kwanza. Alimvisha mtoto jua lilipozama, akamlaza, akamfunika.

Asubuhi kitandani hapakuwa na mtoto. Bernadina alitazama chini ya kitanda, akatazama kwenye banda la mbuzi, na alipokuwa anaelekea kisimani simu ikaita. Alikuwa ni muuguzi mmoja kutoka Tanga aliyehamishiwa Haydom, ambaye alikuwa akija Tumati kila mwezi na kliniki ya mkoba.

"Shikamoo mama. Mjukuu wako yuko kwangu, Haydom. Nimemkuta miguuni pa kitanda, ameniamkia vizuri tu. Nimempa chai na andazi, nampandisha basi sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Asante sana. Mungu akubariki."

"Amina. Halafu mama, hii flaneli mbona kama naifahamu?"

"Flaneli zinafanana, mwanangu," alisema Bernadina.

Gauni la pili lilikuwa jeupe, la kitambaa kilichobaki baada ya kushona nguo ya altare kwa ajili ya Pasaka. Katekista Bura alipofungua kanisa asubuhi alimkuta Judica amelala juu ya altare, mikono kifuani. Kwa kuwa alikuwa ameshafika, katekista alimpa kiboksi cha mishumaa amshikie hadi sala iishe. Alipomrudisha kwa bibi yake hakuwa na malalamiko, ila aliomba siku nyingine mtoto aje amenawa uso.

Ludovika ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa akiuza vitunguu saumu hatua tano kutoka kwenye cherehani, na biashara ya vitunguu saumu humpa mtu nafasi nzuri ya kufikiri mambo ya wenzake.

"Nguo inarudi kwa mwenyewe," alisema huku akimenya. "Mtoto ni kwamba tu yumo ndani yake. Za mwizi arobaini, Mama Marieta. Nenda mnadani ukanunue chako."

Bernadina alinuna, lakini siku ya mnada alikwenda. Alinunua kitambaa cha njano chenye vifaranga, akashona gauni la tatu, na kesho yake Judica aliamka pale pale alipolazwa, na kamasi zake. Hapo jambo likawa limeeleweka, na lingeishia hapo kama si Mwalimu Dionis.

Mwalimu Dionis alikuwa mtu wa Kagera, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Mwezi wa saba alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuorodhesha watoto watakaoingia darasa la awali Januari. Alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari, akaandika jina la Judica kwa mwandiko mzuri, halafu akainua kalamu.

"Jina la baba?"

Cherehani ilisimama. Ludovika naye aliacha kumenya.

Tumati nzima ilikuwa inajua jina hilo. Sikio la kushoto la Judica lilikuwa limejikunja juu, kama kona ya bahasha. Masikio ya namna hiyo yalikuwa matano tu katika kata ile, na manne kati yake yalikuwa ya Mzee Bonaventura, mwenye mashine ya kusaga, na wanawe watatu. Marieta, binti wa Bernadina, alikuwa amepima unga kwenye mashine hiyo miaka miwili. Tumbo lilipoanza kuonekana akaambiwa kazi imepungua. Sasa alikuwa Babati, anapika kwenye hoteli ya watu, na alikuwa akituma sabuni na salamu. Mtoto alipozaliwa, Bernadina alituma wazee wawili kwa Mzee Bonaventura. Walikaribishwa vizuri, wakanywa chai yenye maziwa, wakarudi na kilo mbili za sukari na hakuna jibu.

"Mwalimu, andika tu la mama," alisema Bernadina.

"La mama lina mahali pake, mama. Hapa pa baba pasipokuwa na jina naweka kistari."

"Na hicho kistari atakisoma nani?"

Dionis hakuwa mtu wa kudanganya. "Kila atakayefungua daftari, mama. Mpaka amalize shule." Kisha akasema ataacha nafasi wazi kwa penseli hadi mwezi wa kumi, orodha itakapofungwa, akaaga.

Kistari hicho kilimuuma Bernadina kuliko alivyotegemea. Alikuwa amezoea kusengenywa, na sukari ile alikuwa ameshainywa ikaisha. Lakini kumfikiria Judica amesimama mstarini, ameoga, amepakwa mafuta, halafu mtu anasoma kistari kwa sauti, kulimchoma mahali ambapo hakujua kama bado pana nyama. Alikaa jioni nzima akimtazama mtoto akilivalisha gunzi la mahindi kitambaa. Hatimaye akatazama salfeti yake ya vipande, na kwa mara ya kwanza katika mwezi ule akatabasamu.

Tatizo lilikuwa moja. Tangu wazee wale wanywe chai, Mzee Bonaventura alikuwa akishona nguo zake Mbulu mjini. Kwenye salfeti kulikuwa na vipande vya karibu kila nyumba ya Tumati, hata vya marehemu, lakini vya Bonaventura vilikuwa vimekwisha zamani.

Wiki ya pili ya Agosti mke wake alikuja mwenyewe. Agripina, ambaye watu walimwita Mama Julius, alikuwa mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Aliweka mezani furushi la kitambaa cha kijivu, kizito, kile cha suti za Kaunda.

"Shikamoo fundi. Nimeleta suti ya Baba Julius."

"Marahaba. Si anashona mjini?"

"Huko mbali. Hii nimemwambia nitashughulikia mimi." Alikitandaza. "Ni mita nne na nusu."

Bernadina alikipima kwa macho. Bonaventura alikuwa mnene, lakini hata akinenepa hadi Krismasi asingemaliza mita nne na nusu. Wanawake wale wawili walitazamana. Judica alikuwa chini ya meza akikusanya pini kwa sumaku, na sikio lake lililojikunja lilikuwa upande wa Agripina.

"Kitabaki kingi," alisema Bernadina. "Unaweza ukanipa tu."

"Hapana," alisema Agripina. "Nikikupa kitakuwa chako. Hata hivyo si changu, ni cha Baba Julius." Aliweka kigoda chake sawa, akaigeuzia cherehani mgongo, akaanza kutazama kuku wa Ludovika. Aliwatazama kwa makini sana na kwa muda mrefu. Nyuma yake mkasi ulilia, salfeti ikafunguliwa, salfeti ikafungwa. Ludovika alieleza baadaye kwamba hajawahi kuona kuku wake wakipewa heshima kama siku ile.

"Nimekwisha," alisema Bernadina.

"Kuku wazuri," alisema Agripina, akasimama, akaenda.

Suti ilikuwa tayari baada ya siku nne, na gauni siku hiyo hiyo. Halikuwa gauni zuri. Kitambaa cha suti kinasimama chenyewe, na Judica alipolivaa alifanana na diwani mdogo. Alilalamika kuwa linawasha. Bernadina akamtia fulana ndani yake, akamwambia asubuhi akiamka asisahau kuamkia.

Mzee Bonaventura alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Aliposikia "Shikamoo" miguuni pa kitanda chake alijibu "Marahaba" kabla hajafungua macho, na mtu akishaitikia marahaba hawezi tena kusema hakuna mtu. Alikaa kitako. Judica alikuwa ameketi juu ya blanketi, mwenye suti ya kijivu, anajikuna shingo.

"Huyu ni mtoto wa fundi," alisema Bonaventura.

"Ndiye," alisema Agripina. "Ana masikio mazuri."

Bonaventura alikwenda nje kutazama hali ya hewa. Alikaa huko hadi chai ilipokuwa tayari. Kisha akampigia simu Hermani wa bodaboda, akamwambia kuna mtoto wa kurudisha kwa fundi, aendeshe taratibu, barabara ina utelezi.

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Bonaventura alifunga mlango kwa komeo mbili. Alihamia chumba cha wageni. Alikwenda kulala kwa kaka yake Margwe, upande wa pili wa bonde, na asubuhi Margwe alileta bakuli mbili za uji bila kuuliza swali, kwa kuwa Margwe naye alikuwa na macho. Mwisho akasingizia ana kikao Mbulu, akachukua chumba gesti, ghorofani. Saa kumi na mbili na nusu mhudumu aligonga na maji ya moto, akamkuta Judica kwenye kiti, ananing'iniza miguu.

"Mzee, kwenye kitabu uliandika mtu mmoja," alisema mhudumu.

"Nilikuwa mmoja."

"Sasa mko wawili. Huyu nimwandike nani?"

"Mwandike mtoto wa fundi wangu."

Mhudumu aliandika alivyoambiwa, akamtazama mtoto, akamtazama mzee, akaongeza kikombe cha pili. Walirudi Tumati pamoja na basi. Njiani Judica alimsimulia habari za gunzi lake la mahindi, ambalo lilikuwa linaumwa, na Bonaventura alisikika na abiria wa nyuma akiuliza kama limepelekwa hospitali.

Alipoona hawezi kukimbia, Bonaventura alikwenda kushtaki. Kikao kilifanyika nje ya ofisi ya kitongoji, Jumamosi, mbele ya mwenyekiti Gidabuday, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya chanjo ya ng'ombe. Judica aliletwa akiwa amevaa gauni la kijivu, maana ndilo lilikuwa kielelezo.

Shauri lilikuwa fupi. Bernadina aliulizwa kama kipande ni cha Mzee Bonaventura, akakiri kuwa ni cha mzee, tena kwa sauti. Wanawake kadhaa walikohoa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hesabu yake na salfeti ile, lakini hakuna aliyetaka kuifungua siku hiyo na kukosa shauri la mwenzake.

"Basi mzee, mali yako hiyo hapo," alisema Gidabuday. "Chukua."

Mzee Bonaventura alimtazama mtoto. Upepo wa Tumati ulikuwa unavuma, ule unaoingia kwenye mifupa. Kulichukua gauni kulikuwa na maana ya kumvua mtoto nguo mbele ya kijiji, na Bonaventura, ambaye alikuwa na makosa yake, hakuwa na hilo.

"Sitaki kumvua mtoto," alisema.

"Vizuri. Basi mwachie. Mwite hapa, mwambie gauni hili nimekupa. Likiwa lake, atalala kwao na ataamka kwao. Shauri limekwisha."

Mwanaume akimpa mtoto nguo mbele ya watu wote wale, kesho yake hakuna atakayeuliza tena mtoto ni wa nani, na hilo Gidabuday alilijua alipokuwa analisema. Agripina alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono kwenye magoti. Bernadina alikuwa akiliona jina limeshuka hadi kwenye ulimi wa yule mwanaume, limekaa hapo, na kwa muda mfupi sana alimpenda, kama mtu anavyompenda mgeni anayetaka kusema hodi. Alimwomba Mungu neno moja tu.

Mzee Bonaventura akajipangusa paji la uso ingawa kulikuwa na baridi.

"Je, fundi hawezi kumvisha nguo nyingine?" aliuliza.

Gidabuday akageuka. "Fundi, mtoto hana gauni lingine?"

"Analo, la vifaranga. Limelowa."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti," alisema Bernadina. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na waliomjua walitazama pembeni.

Mwenyekiti alisubiri tena, muda wa haki. Halafu akamwambia mtendaji aandike muhtasari, naye akaandika kwamba kipande kinabaki kuwa mali ya Mzee Bonaventura, kwamba mwenye mali hajakichukua wala hajakitoa, na kwamba mtoto ataendelea kuamka kwake hadi nguo itakapochakaa. Wote wakatia sahihi. Ludovika alishika gauni kwa vidole viwili, akasema kitambaa cha namna hiyo hakichakai.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Mzee Bonaventura alinunua godoro dogo, akaliweka pembeni ya kitanda, kwa sababu miguu yake ilikuwa inabanwa. Agripina alitenga kikombe chekundu. Ikagundulika kwamba Judica hapendi utando wa maziwa, na asubuhi Mzee Bonaventura alikuwa akiuondoa kwa kijiko, akiwa amevaa miwani. Hermani alikuwa anafika saa moja na nusu bila kupigiwa simu. Wageni waliofika mapema waliambiwa huyu ni mtoto wa fundi, wakasema sawa, wakaomba sukari. Bernadina aliendelea kumvisha gauni kila jioni. Usingizi ulipomchukua Judica, kitanda kilibaki na joto upande mmoja, na Bernadina alikaa hapo kidogo kabla hajaenda kuzima moto. Nyumba ilikuwa kubwa kwake. Hakuwa amelifikiria hilo alipokuwa anashona.

Mwezi wa kumi ukafika, orodha ikafungwa. Bernadina alimwosha Judica, akampeleka shuleni mwenyewe. Ofisini walimkuta Mwalimu Dionis, na kando yake, kwenye kiti chenye mto, alikuwa ameketi Mzee Bonaventura mwenye suti ya kijivu, maana alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule na fomu zote zilipita mikononi mwake.

"Shikamoo mama," alisema Dionis. "Judica, karibu. Unaishi wapi?"

"Nalala kwa bibi. Naamka kwa mzee."

Dionis aliandika hivyo hivyo, mahali pa makazi, neno kwa neno. Halafu kalamu ikafika kwenye ile nafasi ya penseli, ikasimama. Mwalimu hakuinua kichwa. Alisubiri huku akitazama karatasi, na Bernadina alisubiri akiwa amesimama, na hata Judica, aliyekuwa amezoea kwamba watu wazima hunyamaza wakifika hapo, alisubiri akihesabu vidole vyake. Mzee Bonaventura alitazama dirishani. Watoto wa darasa la tatu walikuwa wanapalilia bustani ya mboga.

Dionis akachukua rula. Alichora kistari kilichonyooka, akafuta penseli, akasukuma fomu upande wa pili wa meza.

Mzee Bonaventura aliisoma yote kwa uangalifu, toka juu hadi chini. Akasema mtoto huyu ni mwerevu, akae mbele. Kisha kwenye mstari wa mwisho, uliokuwa umeandikwa Mwenyekiti wa Kamati, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, majina yote matatu, lile lake, la baba yake na la babu yake. Wino ulikuwa haujakauka. Akainama akaupuliza polepole, kama mtu anayempoozea mtoto uji.

"Haya, Judica," alisema akimrudishia bibi yake karatasi. "Tutaonana asubuhi."

"Ndiyo, mzee," akajibu Judica.